Kuhama nyumba kubwa uzeeni: makosa yanayowagharimu wastaafu wa Morogoro

Kila tukitamka maneno "nyumba ndogo" hewani, simu za kwanza zinazoingia studio huwa za utani. Basi tuliweke sawa mapema: hapa hatumzungumzii mtu wa pembeni anayevunja ndoa za watu. Tunazungumzia nyumba yenyewe, ya tofali na bati, ambayo mtu mzima anaamua kuhamia baada ya watoto kuondoka, baada ya kustaafu au baada ya kufiwa na mwenzake, kwa sababu ile kubwa imemzidi nguvu.

Msikilizaji wetu mmoja wa Kihonda alitupigia kusimulia jinsi kabati lake la vyombo lilivyolala barazani siku tatu, mvua ikilinyeshea, kwa sababu mlango wa nyumba aliyohamia haukuliruhusu kupita. Alikuwa anacheka. Kisha akasema jambo ambalo halikutuchekesha: nyumba aliyoiacha ameshaiuza, fedha imepungua karibu nusu, na hiyo aliyohamia bado haina choo cha ndani. Ana miaka 63.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukiuliza: kwa nini uamuzi ambao nia yake ni kupunguza mzigo unawaongezea wazee wetu mzigo? Makala hii inaeleza sababu za watu wengi wa Morogoro kufikiria kuhama sasa, na makosa sita yanayojirudia.

Kwa nini sasa

Sababu ya kwanza iko kwenye sensa. Mwaka 2012 Manispaa ya Morogoro ilikuwa na watu 315,866. Mwaka 2022 walifika 471,409. Mji unakua kwa kasi. Lakini katika kipindi hichohicho, wastani wa watu katika kaya moja nchini ulishuka kutoka 4.7 hadi 4.3. Yaani watu wanaongezeka mjini, huku ndani ya nyumba moja moja wakipungua. Pita mitaa ya zamani ya Kihonda, Bigwa au Kilakala utaona maana yake: nyumba ya vyumba vitano iliyojengwa kwa ajili ya watoto sita, leo ina mama mmoja, dada wa kazi na mbwa. Watoto wako Dar es Salaam. Wengine wako Dodoma, hasa tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huko.

Sababu ya pili ni kikokotoo. Hili ni neno ambalo mfanyakazi yeyote wa umma analijua hata akiwa usingizini. Tangu Julai 2022 mafao yanapigwa kwa kanuni moja. Mkupuo wa awali ulikuwa asilimia 33, na katika bajeti ya mwaka 2024/25 ukapandishwa hadi asilimia 40 kwa kundi lililokuwa likipata asilimia 50 zamani, na asilimia 35 kwa lililokuwa likipata asilimia 25.

Tuchukue mfano. Mtumishi amefanya kazi miezi 360, yaani miaka 30, na wastani wa mshahara unaotumika kwenye hesabu ni shilingi milioni 1 kwa mwezi. Chukua mshahara wa mwaka, milioni 12, zidisha kwa 360, gawanya kwa 580. Unapata karibu shilingi milioni 7.45. Hiyo ukiizidisha kwa 12.5, kisha ukachukua asilimia 40, mkupuo unakuwa kama milioni 37.2. Pensheni ya kila mwezi, ambayo ni asilimia 60 ya ile milioni 7.45 kugawanya kwa miezi 12, inakuwa kama shilingi 372,000.

Soma tena hizo namba mbili. Mtu aliyezoea mshahara wa milioni moja kabla ya makato anaanza kuishi kwa 372,000, ndani ya nyumba ileile yenye bati lilelile linalovuja. Mkononi ana milioni 37 ambazo kila mtu mtaani anazijua. Hapo ndipo wazo la kuhama linapozaliwa.

Sababu ya tatu ni watu waliokaa kwenye nyumba za mwajiri. Morogoro ni mji wa vyuo, shule, hospitali na reli. Wapo waliolelea watoto wote katika nyumba ya taasisi, na siku ya kustaafu inapofika wanatakiwa kukabidhi funguo. Hawa hawana nyumba kubwa ya kuuza. Wanatoka kwenye nyumba kubwa isiyo yao kwenda kwenye ndogo ambayo huenda bado ni msingi.

Jambo moja tuliseme mapema ili lisimdanganye mtu. Wengi hutuambia wanataka nyumba ndogo ili kodi ya majengo ipungue. Kwa nyumba za kawaida kodi hiyo haipimwi kwa idadi ya vyumba. Tangu Julai 2023 ni shilingi 18,000 kwa mwaka, inakatwa 1,500 kila mwezi kupitia LUKU, iwe nyumba yako ina vyumba vitano au viwili. Anayepata nafuu ni anayetoka kwenye ghorofa, ambako inatozwa 90,000 kwa kila sakafu. Akiba ya kweli iko kwenye bati, rangi, maji, ulinzi na mshahara wa msaidizi.

Kosa la kwanza: kuuza kabla ya kujua unakwenda wapi

Hili ndilo kosa mama. Mnunuzi anakuja na fedha taslimu, dalali anasema nafasi kama hii hairudi, na mzee anasaini akiwa bado hajui atalala wapi mwezi unaofuata. Anaanza kupanga. Hapa kwetu mwenye nyumba huomba kodi ya miezi sita au mwaka mzima mbele, kwa hiyo fedha ya nyumba inaanza kuliwa kabla kiwanja kipya hakijapatikana. Kisha kuna karo ya mjukuu, kuna ndugu mgonjwa, kuna kijana mwenye wazo la biashara. Fedha iliyokaa benki ina ndugu wengi kuliko nyumba.

Mpangilio salama ni wa kinyume. Kwanza tafuta unakokwenda. Kaa huko hata wiki mbili, kwa kupanga au kwa kukaribishwa na ndugu, na ikiwezekana ukae wakati wa masika. Piga gharama zote za kuhama. Ndipo uzungumze na mnunuzi. Kama hakuna njia ila kuuza kwanza, makubaliano yaandikwe kwamba utakaa ndani ya nyumba kwa muda fulani baada ya malipo ya kwanza, na tarehe ya kutoka itajwe.

Kosa la pili: nyumba "ndogo" ambayo haikuwa ndogo

Tumeona wastaafu wakianza na ramani ya vyumba viwili. Fundi anasema, mzee, ukiongeza chumba kimoja tofauti ni ndogo tu. Shemeji anauliza, wageni watalala wapi? Kijana anataka sebule ya kisasa. Miezi mitatu baadaye kuna boma la vyumba vinne, limefika usawa wa lenta, na mkupuo umekwisha. Boma halikaliki. Halina bati, halina milango, na majani yanaota ndani.

Kanuni tunayowashauri wasikilizaji ni nyepesi: nyumba ya uzeeni ipimwe kwa fedha ya kuikamilisha, siyo fedha ya kuianzisha. Andika gharama ya msingi, kuta, kupaua, lipu, milango, choo, maji na umeme, kisha weka ya dharura. Jumla ikizidi nusu ya mkupuo, punguza ramani kabla hujanunua tofali la kwanza. Nusu inayobaki si ya anasa. Ni ya matibabu, na ya miaka ambayo pensheni ya 372,000 itakuwa imemezwa na bei za sokoni.

Kosa la tatu: karatasi na ridhaa

Hapa watu wanapoteza nyumba kabisa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inasema mwanandoa haruhusiwi kuuza, kutoa zawadi, kupangisha wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina lake peke yake. Aliyepuuzwa anaweza kuweka zuio. Tumesikia zaidi ya mara moja mnunuzi akilia kwamba alilipa, kumbe mke hakuwahi kuulizwa. Tumesikia pia mke aliyefika nyumbani kutoka msibani akakuta watu wanapima madirisha ya nyumba yake ili waweke mapya.

Kwa mjane au mgane kuna hatua nyingine. Kama nyumba ilikuwa ya marehemu, lazima mirathi ifunguliwe mahakamani na msimamizi ateuliwe ndipo mauzo yawe halali. Muhtasari wa kikao cha ukoo peke yake hautoshi. Unasaidia kumpendekeza msimamizi, lakini anayemteua ni mahakama.

Kisha kodi. Ukiuza nyumba kwa faida, Mamlaka ya Mapato Tanzania inatoza mkazi asilimia 10 ya faida hiyo. Lakini upo msamaha ambao wazee wengi hawaujui: kama umeimiliki nyumba miaka mitatu au zaidi, umeishi humo jumla ya miaka mitatu au zaidi, na faida haizidi shilingi milioni 15, kodi hiyo haikuhusu. Ikizidi hapo, risiti zako ndizo mkombozi. Tuseme nyumba ilikugharimu milioni 30 na una ushahidi, ukaiuza milioni 70. Faida ni milioni 40, kodi ni milioni 4.  Kwa hiyo usitupe karatasi za saruji na mabati wakati unasafisha stoo ili uhame. Na kodi hii isichanganywe na "asilimia kumi" ambayo baadhi ya watu hudai mtaani kama chai ya kushuhudia mauziano. Malipo ya halali ya serikali yana namba ya kumbukumbu na risiti.

Mgogoro ukitokea, fahamu pia kwamba tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata linasuluhisha tu. Halitoi hukumu. Wakishindwa kuwapatanisha, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kosa la nne: kurudi mlimani bila kuuliza ardhi ni ya nani

Wengi wa wasikilizaji wetu wana asili ya Uluguru. Wakistaafu, wanatazama juu. Kinole, Matombo, Mgeta, Tawa: kuna hewa, kuna ndizi, kuna maji ya mto, na kuna makaburi ya wazee. Kujenga vyumba viwili kule ni rahisi kuliko kununua kiwanja Kihonda. Nia ni njema. Tatizo linaanza pale mtu anaposema "nakwenda kujenga kwetu" bila kujiuliza kwetu ni wapi.

Waluguru hufuata ukoo wa mama. Hata jina la uchifu la Kingalu, kule Kinole, limerithiwa kwa kufuata upande huo. Ardhi ya asili ni ya ukoo, na watoto wa mwanamume si wa ukoo wake. Ni wa ukoo wa mama yao. Mwanamume anaweza kupewa mahali pa kulima na kujenga kwenye ardhi ya ukoo wa baba yake, au ya ukoo wa mkewe. Lakini kupewa kutumia si sawa na kupewa moja kwa moja.

Sasa mweke hapo mstaafu wetu na milioni zake 37. Anajenga nyumba nzuri ya tofali za kuchoma kwenye ardhi ya ukoo wa mama yake. Anafariki. Mjane, ambaye pengine ni Mgogo au Mpare, anaambiwa na wapwa wa marehemu kwamba nyumba ni ya mume lakini udongo ni wa ukoo. Watoto walioijua nyumba hiyo kama urithi wao wanaonekana wageni. Pande zote mbili zinaamini zina haki, na kwa mtazamo wa mila wapwa hawasemi uongo.

Dawa yake ni mazungumzo kabla ya msingi. Kaa na wazee wa ukoo, wanawake wakiwemo, kwa sababu ardhi hii inapita kwao. Sema wazi: je, napewa nijenge na kuishi, au napewa niwaachie wanangu? Jibu liandikwe. Lifikishwe kwa Halmashauri ya Kijiji, ambayo chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji na kutoa hatimiliki ya kimila. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 20, inabatilisha mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki yake ya kupata na kutumia ardhi. Lakini mjane asiachwe ategemee kifungu siku ya msiba wakati karatasi ingeweza kuandikwa siku ya furaha.

Kosa la tano: kuchagua mahali kwa macho ya kijana

Ukisimama Bigwa asubuhi ukautazama mlima, unaona mandhari. Mwenye magoti ya miaka 70 anaona ngazi. Tumekutana na watu waliojenga nyumba nzuri juu ya njia ya Towelo wakiwa na miaka 58, wakashindwa kuifikia wakiwa na 68. Bodaboda zinapanda, ndiyo, lakini jaribu kupanda bodaboda usiku wa mvua ya Aprili ukiwa umeshikilia kifua.

Kabla ya kuchagua mahali, uliza maswali haya. Gari la wagonjwa linafika mlangoni mwezi wa nne? Ni muda gani kutoka hapo hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa? Anayeugua kisukari au shinikizo la damu atachukua dawa wapi kila mwezi, na kwa nauli gani? Maji yanatoka bombani, au mtu anayachota mtoni? Baridi ya Nyandira utaiweza mwezi wa Julai na viungo vinavyouma?

Kisha maji ya mvua. Mji wetu umekaa chini ya mlima, na mito kama Morogoro na Kikundi inashuka ikiwa na hasira. Viwanja vya bei rahisi mara nyingi viko kingoni. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Anayekuuzia huko hakupunguzii bei. Anakuuzia bomoabomoa au mafuriko, mojawapo kitafika kabla ya kingine. Wenzetu wa Kilosa hawajasahau mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010, mto ulipoingia majumbani na maelfu wakahamia kwenye mahema.

Kosa la sita: kupima vitanda na kusahau maisha

Kosa hili tulilifanya sisi wenyewe, nje ya studio.

Sisi tulio katika miaka ya thelathini ndio watoto wa hawa wastaafu. Sisi ndio tunaowapigia simu na kusema, mama, nyumba hiyo ni kubwa, uza. Kwetu tulimhamisha mama kutoka nyumba ya vyumba vitano Kihonda hadi ya vyumba viwili upande wa Bigwa. Tulijiona tumefanya kila kitu vizuri. Tulipima milango. Tulipima chumba: futi 10 kwa 10, kitanda cha 6 kwa 6 kinaacha futi nne, kabati linachukua mbili, njia inabaki futi mbili, haimtoshi mtu mwenye fimbo. Basi tukampunguzia kitanda kikawa cha 4 kwa 6, tukaona tumekuwa mafundi. Choo tuliweka ndani, na kishikio ukutani. Alikubali kila kitu.

Tulichosahau ni uani. Kihonda alikuwa na ua mpana wenye mwembe. Chini ya mwembe ule ndiko kikoba chake kilikokutana kila Jumamosi, wanawake kumi na tano na daftari. Ndiko alikokaangia maandazi ya kuuza asubuhi. Ndiko alikofugia kuku, na ndiko majirani walikopita wakimsalimia kwa jina. Nyumba mpya ilikuwa na sakafu safi, na nje yake ukuta. Kikoba kilihamia kwa mama mwingine. Mwanzoni alikifuata kwa bodaboda, baadaye akaacha. Hakulalamika. Siku moja tulipomtembelea alituuliza tu, "Wanangu, mtu akija kunisalimia, nimkalishe wapi?"

Hatukuwa na jibu, kwa sababu tulipokuwa tunapima hatukumuuliza anafanya nini kuanzia asubuhi hadi jioni. Tuliuliza anamiliki nini. Baadaye tulitoa kipande cha ukuta upande wa njia, tukaweka paa la bati, mabenchi mawili na jiko la nje. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko ya milango tuliyomwekea. Kikoba hakijarudi kwake, na pengine hakitarudi, lakini asubuhi kuna watoto wa shule wanaopita kununua maandazi, na yeye anajua majina yao.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Kwa Mswahili, nyumba si ya kulala tu. Ni mahali pa kukalia msiba, kupokelea posa, kulaza wajukuu wa likizo. Anayehamia nyumba ndogo apunguze vyumba kama anataka, lakini asipunguze baraza. Chumba cha wageni kinaweza kuondoka, maana leo treni ya mwendokasi, iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Morogoro Juni 14, 2024, inamwezesha mtoto kuja asubuhi na kurudi jioni. Mahali pa kumkalisha akija ni lazima pawepo.

Kuhusu vitu, msigawe haraka. Mpeni mzee nafasi ya kutenganisha mwenyewe: cha kubaki, cha kugawa, cha kuuza. Kinu cha bibi hakina bei sokoni na hakina kazi mjini, lakini kikitupwa bila ruhusa kitazungumzwa kwenye vikao vya ukoo kwa miaka kumi.

Je, lazima kuhama?

Swali hili tuliliweka mwisho makusudi. Nyumba kubwa inaweza kupunguzwa bila kuuzwa. Unaweza kuziba mlango wa kati, ukabaki na vyumba viwili na baraza yako, upande wa pili ukapangisha kwa walimu au wanafunzi wa vyuo, na mita ya umeme ya kwao. Unaweza kugeuza vyumba vya mbele kuwa fremu. Unaweza kujenga kibanda kizuri cha uani ukakaa humo na kupangisha nyumba nzima. Mapato ya pango yana kodi yake ya asilimia 10, na kumbuka kwamba hata kupangisha nyumba ya ndoa kunahitaji ridhaa ya mwenzako. Lakini kiwanja kinabaki chako, majirani wanabaki wako, na mwembe hauhami.

Kuuza kunafaa pale nyumba ilipo mbali na huduma, pale ukarabati unapozidi thamani yake, au pale ndugu wameshakubaliana kwa maandishi. Hakufai kwa sababu dalali ana haraka, wala kwa sababu watoto wamechoka kutuma fedha ya bati.

Zipo pia kazi ambazo si za familia peke yake. Mwajiri huandaa semina za wastaafu, na nyingi huzungumzia biashara na uwekezaji. Tungependa kusikia ndani yake somo moja la nyumba: ridhaa, mirathi, kodi, ardhi ya kijiji. Halmashauri zetu zinapopima viwanja, zipime na vidogo vilivyo karibu na zahanati na barabara ya daladala, kwa sababu leo anayetaka kiwanja cha kujenga vyumba viwili analazimika kununua cha vyumba sita au kwenda kingoni mwa mto. Na vijiji vya milimani vinapotoa hatimiliki za kimila, jina la mke liandikwe pale panapostahili, mume akiwa hai na akiwa anaona.

Yule msikilizaji wa Kihonda tulimpigia tena wiki iliyopita. Kabati aliliuza kwa mwenye mgahawa. Fedha iliyobaki ameiwekea sharti: haitoki benki bila saini ya mkewe, na kazi yake ya kwanza ni choo. Tulimuuliza angewaambia nini wenzake wanaostaafu mwezi wa sita. Alisema wasihame kwa hasira ya nyumba kubwa. Wahame kwa sababu wameipata ndogo, wameilalia, na mvua imenyesha wakiwa ndani.